Nyumba ya Kupangisha Tanga: Mtafute Mpangaji Kabla ya Kiwanja

Anayetaka kuanza biashara ya nyumba za kupangisha hapa Tanga mara nyingi huanzia kwa dalali wa viwanja. Anapelekwa Kange au Pongwe, anaonyeshwa mita 20 kwa 20, anaambiwa lami inakuja, analipa. Baada ya miaka kadhaa ya kujenga kidogo kidogo amemaliza nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, sebule pana, bati la msauzi, marumaru hadi barazani. Ni nyumba ambayo yeye mwenyewe angependa kuishi. Ndipo anapoanza kutafuta mpangaji, na anakuta wanaotafuta nyumba mtaani pale ni vijana wa stendi na walimu wapya, ambao wanataka chumba na sebule basi. Nyumba inalala tupu, na hatimaye inapangishwa kwa nusu ya bei iliyokuwa kichwani mwake.

Makala haya yanafuata njia ya kinyume: kwanza mpangaji, kisha kodi anayoimudu, kisha gharama ambayo kodi hiyo inaweza kuibeba. Kiwanja kinakuja mwisho.

Tanga ina wapangaji wa aina nyingi, na kila mmoja ana nyumba yake. Wauguzi na madaktari wa hospitali ya Bombo wanazunguka Raskazone na Chumbageni. Wanafanya zamu za usiku, kwa hiyo wanalipa zaidi kwa geti la uhakika, maji ndani na utulivu wa mchana. Wafanyakazi wa bandarini na maofisini mjini wanataka kufika kazini bila nauli mbili. Pongwe kuna kiwanda cha saruji, na anayeingia kazini alfajiri hataki kuishi Sahare hata ukimpunguzia. Kange, tangu stendi kuu ihamie huko, wamejaa mafundi, wauza chakula, makondakta na wapigadebe. Hawa wanataka chumba kimoja au chumba na sebule, kodi ndogo, na hawajali marumaru. Wanafunzi wa vyuo, pamoja na wale wa kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, hulipa vizuri muhula ukianza na huondoka likizo ikifika. Ukijenga kwa ajili yao, hesabu miezi 9 au 10 ya kodi kwa mwaka, usihesabu 12.

Halafu kuna wapangaji wa miradi, na hapa ndipo watu wengi wanapoungua. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa Tanga. Tangu jiwe la msingi liwekwe pale Agosti 2017, kila dalali ana sentensi moja mdomoni: “Mradi unakuja.” Mradi umekuja kweli. Lakini ujenzi wa bomba unahitaji maelfu ya watu kwa miaka michache, na uendeshaji wake unahitaji wachache sana. Nyumba iliyokopewa fedha kwa kutegemea kodi ya mhandisi wa mradi itabaki na deni mhandisi akishapanda ndege. Mji huu ulishaona mambo haya kwenye mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuujenga mkoa mzima, kabla ya nyuzi za plastiki kuliangusha bei miaka ya 1960. Mpangaji wa mradi ni wa kupokea kwa mikono miwili, ila bei yake isiingie kwenye hesabu ya msingi. Hesabu ifanywe kwa kodi atakayolipa muuguzi au mwalimu.

Kujua kodi halisi ya mtaa, usimuulize dalali ukiwa mwenye kiwanja, muulize ukiwa unatafuta chumba. Na bei atakayotaja bado ni ya kuombwa tu. Wanaojua inayolipwa ni waliomo ndani. Jioni, watu wakiwa barazani, uliza mambo matatu: aliyetoka mwisho alitoka kwa nini, chumba kilikaa tupu muda gani, na kodi inalipwa ya miezi mingapi kwa mkupuo. Nyumba kumi za namna hiyo zitakupa picha ambayo huwezi kuipata kwenye kundi lolote la WhatsApp. Mtaa wenye vyumba vitupu vingi na kodi kubwa ni mtaa ambao wenye nyumba bado hawajakubali ukweli.

Hesabu kabla ya saruji

Chukua mfano wa nyumba ndogo tatu zilizoungana chini ya paa moja, kila moja ina chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani. Tuseme kiwanja na ujenzi vimekula milioni 45, na kila mpangaji analipa 120,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,320,000, na hapa ndipo wengi wanaposimamisha kalamu. Toa mwezi mmoja mtupu kwa kila nyumba, yaani 360,000, zinabaki 3,960,000. Toa asilimia 10 ya matengenezo, 396,000. Toa asilimia 10 nyingine ya kodi ya mapato ya pango, 396,000. Toa kodi ya jengo 18,000. Mkononi unabaki na 3,150,000, ambayo ni asilimia 7 kamili ya milioni 45.

Sasa ilinganishe na kitu cha hapahapa. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, ilitoa hatifungani ya kijani (karatasi ya kuikopesha taasisi fedha kwa riba) ya miaka 10, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5. Milioni 45 katika hatifungani ya namna hiyo zinaleta 6,075,000 kwa mwaka, bila choo kuziba na bila mpangaji kuhama usiku. Hili halina maana kwamba nyumba ni ujinga. Riba ya hatifungani haipandi, na baada ya miaka 10 unarudishiwa milioni 45 zilezile ambazo hazitanunua zinachonunua leo. Kodi ya nyumba hupanda pamoja na bei za sokoni, na kiwanja kizuri hupanda zaidi. Ila jua unachokifanya: unakubali nusu ya kipato cha leo ukitarajia thamani ya kesho. Kiwanja kisichopanda thamani kinaifuta hoja yote.

Mkopo nao upimwe kwa hesabu hiyohiyo. Riba za benki nchini kwa miaka ya karibuni zimezunguka asilimia 15 na 16 kwa mwaka. Ukikopa milioni 20 tu kati ya zile 45 kwa asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza ni 3,200,000, na pango lote safi ni 3,150,000. Umejenga nyumba tatu, zinamlipa mwenye benki, na bado unaongeza 50,000 kutoka mshahara wako kabla hata hujagusa deni lenyewe. Mikopo ya mtaani yenye riba ya kila mwezi haina haja ya kujadiliwa. Kwa anayeanza bila fungu kubwa, njia inayofaa ni awamu: msingi wa nyumba zote tatu mara moja, kisha inamalizwa moja, inapangishwa, inasaidia kuinua ya pili. Ukifanya hivyo hakikisha nyumba ya kwanza ina njia yake, kwa sababu mpangaji hakai sana pahali ambapo tofali linapitishwa mlangoni kwake kila Jumamosi.

Zipo njia mbili za kuingia bila kuanza na kiwanja kitupu. Ya kwanza ni boma au pagala, kuta zilizoishia linta na mwenyewe kaishiwa. Bei huwa nzuri, lakini kagua nondo zilizochomoza: zikibanduka magamba ukizigonga, zilizo ndani ya zege nazo zina kutu, hasa karibu na bahari. Kwaruza tofali la juu kwa msumari. Likimomonyoka kama kashata, mvua za miaka zimeshalila. Ya pili ni nyumba ya Kiswahili ya zamani Ngamiani, ukumbi katikati, vyumba sita pande mbili, choo na jiko uani. Kipato chake kwa fedha uliyoweka huwa kikubwa kuliko nyumba mpya, na chumba kikitoka mtu leo kesho kinaingiwa. Gharama yake ni usimamizi: zamu za kufagia uani, ugomvi wa umeme, choo kimoja kwa familia sita. Kuta nyingi za zamani ni udongo na mawe ya matumbawe, kwa hiyo usidanganywe kwamba utapandisha ghorofa juu yake. Nyumba njema si mlango, nenda hadi uani na uangalie choo kwanza.

Anayeuza ni nani

Kiwanja chenye hati kina njia inayojulikana. Chukua nakala ya hati na kitambulisho cha taifa cha muuzaji, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, uone jina ni lilelile na kama kuna rehani au zuio. Kisha nenda ofisi ya mipango miji ya Jiji, uangalie mchoro: kiwanja ni cha makazi, cha makazi na biashara, au dalali anakuuzia eneo la wazi? Angalia risiti za kodi ya pango la ardhi, maana malimbikizo yatadaiwa kwenye kiwanja, na kwa wakati huo kiwanja kitakuwa chako. Tafuta bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, kwa macho, na mpima azithibitishe.

Uhamisho unapitia fomu namba 29, 30 na 35, ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mtu binafsi mkazi ni asilimia 10 ya faida. Kisheria kodi hiyo ni ya muuzaji. Kiutendaji, muuzaji akishaishika fedha yote hapokei simu, na bila cheti cha TRA jina halibadiliki. Basi andikeni kwenye mkataba mbele ya wakili kwamba sehemu ya bei inabaki kwa wakili hadi kodi ilipwe. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 uuweke kwenye bajeti yako wewe mnunuzi.

Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya maandishi ya mwenzake ni lazima. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila hiyo, na mke aliyekuwa Handeni siku ya mauziano anaweza kurudi na kesi inayoshinda.

Kwa mji kama Tanga, tatizo kubwa zaidi ni mirathi. Nyumba nyingi za Ngamiani na mitaa mingine ya zamani ni za marehemu. Kijana mmoja anakaa ndani, anazo karatasi za baba, anauza. Lakini kama marehemu alikuwa Mwislamu na mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto ana thumni, yaani moja ya nane, na mabinti wana fungu lao, kila mmoja nusu ya fungu la kaka yake. Dada aliyeolewa Mombasa ni mwenye nyumba kama yule kijana. Usinunue mpaka uone barua ya mahakama ya kuteua msimamizi wa mirathi, na hata yeye akiwepo, taka saini za warithi wote. Kuna pia nyumba za wakfu, zilizofungwa kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi cha mtu. Wakfu hauuzwi. Uliza wazee wa mtaa na msikiti wa karibu kabla ya kutoa hata senti ya kishika uchumba; jambo hili halionekani kila mara kwenye karatasi.

Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mwenyekiti ana muhuri. Si hati. Eneo lisilopimwa linaweza kununuliwa kwa bei ya chini na watu wananunua, ila liwekee gharama ya upimaji na urasimishaji tangu mwanzo, na usijenge ukuta wa kudumu kabla mchoro haujapitishwa, kwani barabara huchorwa popote penye nafasi. Kama ni shamba la zamani Mwambani au Mabokweni lenye minazi na miembe, mkataba useme wazi kwamba miti imo ndani ya bei. Na kwa walioahidiwa kiwanja cha ufukweni: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Piga mita mwenyewe, ukianzia pale maji kujaa yanapofika. Maji yakipwa, kila kiwanja kinaonekana kiko mbali.

Kiwanja kitembelewe Aprili au Mei, masika imekolea. Januari kila mahali ni pakavu.

Kujenga kwa ajili ya kupangisha

Nyumba ya kupangisha inavunjwa na vitu vidogo: koki, kitasa, tenki la kuflashi, soketi iliyolegea. Zege halimsumbui mwenye nyumba mara kwa mara. Hivyo basi punguza urembo, ongeza uimara kwenye kile kinachoguswa kila siku. Marumaru ziwe chooni na jikoni. Sebuleni sakafu laini ya saruji inatosha kwa mpangaji wa kodi ya chini. Mita 1.2 za chini za ukuta zipakwe rangi ya mafuta, inayofutika kwa kitambaa, na juu yake rangi ya maji. Jipsamu acha kabisa kwenye nyumba za bei nafuu, tone moja la paa linaacha doa ambalo kila mgeni atalitazama kabla ya kuuliza bei.

Kwenye tofali ndiko saruji inakoibwa zaidi. Tofali la inchi 6 la sentimita 45 kwa 22.5 linahitaji kama 10 kwa mita ya mraba, pamoja na za kuvunjika. Kuta zenye jumla ya mita 60 kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 180. Toa 25 za milango na madirisha, zinabaki 155, yaani tofali 1,550 juu ya msingi. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 20 hadi 25 unapata ukuta. Mfyatuaji akitoa 40, umenunua mchanga uliopakwa saruji. Kwa tofali 22 kila mfuko unahitaji mifuko 71. Kwa 40 ni 39. Mifuko 32 ya tofauti ndiyo faida ya mfyatuaji, na nyufa ndiyo hasara yako. Fyatulia kiwanjani kwako, hesabu mifuko mitupu jioni, na tofali limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau kabla ya kupangwa. Mchanga wa pwani usiutumie hata ukiletewa bure: chumvi yake inakula nondo na kulipua plasta ya chini, nawe utakuwa unapaka rangi kila mwaka ukidhani tatizo ni rangi.

Upepo wa chumvi ndio mpangaji asiyehama. Bati la geji 32, jembamba kuliko la 30 na la 28, likiwekwa karibu na bahari hutoboka mapema kuanzia kwenye misumari. Chukua geji 28 au la aluminiamu na zinki, na misumari ya kofia yenye mpira. Grili zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla hazijafungwa, siyo baada, maana kutu huanzia pale chuma kinapoingia ukutani.

Joto nalo lina hesabu yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipitishi upepo hata mmoja kati ya hizo mbili, na mpangaji wake atahama Februari. Vyumba vilivyogeuziana migongo ili kuokoa ukuta vinaokoa tofali na kupoteza miezi ya kodi. Kila chumba kiwe na madirisha pande mbili, au dirisha na tundu la juu upande wa pili, yote yakiwa na wavu wa mbu.

Vyoo na majiko yapangwe yakipeana migongo, ili mabomba yote yashuke njia moja. Bomba la inchi 4 la maji taka lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Fundi akililaza tambarare litaziba ndani ya mwaka. Akilitega kupita kiasi, maji yanakimbia na uchafu unabaki. Kila kona iwe na chemba ya kuzibulia. Shimo liwe mita 30 kutoka kisima chochote, cha kwako au cha jirani, na liachiwe njia ya upana wa mita 3, kwa sababu litajaa siku moja na gari la kunyonya lazima lifike. Viwanja vya upande wa Raskazone vina mwamba wa matumbawe karibu sana na uso wa ardhi. Msingi unakuwa nafuu, shimo linakuwa ghali. Ulizia bei ya kuchimba kwa sururu kabla ya kusaini bajeti.

Luku na maji, chanzo cha ugomvi wote

Kila nyumba iwe na mita yake ya TANESCO. Kuunganisha mita mjini, pasipohitajika nguzo, ni kama shilingi 321,000, kwa hiyo mita tatu zinakaribia milioni moja, na wengi wanaikimbia gharama hiyo kwa kufunga sabmita, yaani mita ndogo za kugawana umeme wa mita moja. Tatizo si ugomvi peke yake. Mteja mdogo wa kundi la D1, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Familia tatu zikichangia mita moja zinavuka uniti 75 upesi, mita inahamishiwa kundi la T1, na wote wanalipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Mpangaji anayejua hesabu hii atakulipa kodi kubwa kidogo kwa ajili ya mita yake peke yake, na gharama yako inarudi.

Kodi ya jengo hukatwa kwenye luku, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ni kodi yako, inakatwa kwenye fedha ya mpangaji. Mrudishie kwa kuipunguza kwenye pango, na iandikwe. Mita zikiwa kadhaa kwenye jengo moja, fuatilia ofisini ikatwe kwenye mita moja tu; isiporekebishwa, kila mita itakatwa.

Maji ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na fedha za ile hatifungani zilikusudiwa kupanua mtandao. Kabla ya kununua kiwanja cha pembezoni, uliza Tanga UWASA bomba kubwa linapita wapi, siyo litapita lini. Kisima karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi yanayokula koki na kuharibu sabuni, kwa hiyo kisihesabiwe kama mbadala kamili. Watu 12 wakitumia lita 50 kila mmoja ni lita 600 kwa siku. Tenki la lita 2,000 linawavusha siku tatu. Lita 2,000 ni tani 2, zikae juu ya mnara wa tofali wenye zege la nondo, miti huoza. Kila nyumba iwe na koki yake ya kufungia nje, ili fundi anayebadilisha sinki ya huyu asimkatie maji yule.

Mkataba, kodi na kuondoka

Kodi ya miezi sita kwa mkupuo inapendwa na wenye nyumba. Inadanganya. Inaingia, inakwisha mwezi wa kwanza, na paa likivuja mwezi wa nne hakuna kitu. Miezi mitatu inamwezesha mpangaji mzuri ambaye hana akiba kubwa, na inakupa nafasi ya kumjua asiye mzuri mapema. Fedha ipokelewe kwa benki au simu, kwa jina moja, isipokewe na shemeji.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha ukitaja majina na namba za vitambulisho, idadi ya watakaoishi, kodi na tarehe, nani anatengeneza nini, notisi isiyopungua mwezi mmoja, marufuku ya kupangisha mtu mwingine, na usomaji wa mita siku ya kuingia. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi hadi ulipiwe. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, atakata kodi ya zuio asilimia 10 kabla ya kukulipa. Dai cheti chake kila mara, vinginevyo utalipa mara ya pili.

Asipolipa, usifunge kufuli juu ya kufuli lake wala using'oe bati. Ukifanya hivyo, wewe ndiye utakayeshtakiwa. Mpe notisi ya maandishi yenye shahidi, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Ikishindikana ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hii ni ndefu, na mara nyingi kusamehe mwezi mmoja ili mtu atoke kwa hiari ni nafuu kuliko kushinda shauri.

Amana ya mwezi mmoja irudishwe siku ya kukabidhi funguo, baada ya mita kusomwa, koki zote kufunguliwa, na choo kuflashiwa mara mbili mbele ya mpangaji anayeondoka. Kinachokatwa kiandikwe kwa bei ya dukani pamoja na risiti. Siku hiyohiyo badilisha silinda ya kitasa, kabla mpangaji mpya hajaleta godoro.